Zilpa Hakuulizwa

Mjomba Harun tulimzika mwezi uliopita, katika ile mvua nyembamba ya Birmingham ambayo hainyeshi wala haikomi. Kabla ya kwenda makaburini, mjukuu wake mkubwa alisimama kanisani akasoma habari za marehemu. Alisoma kwa Kiingereza, akichomeka Kiswahili cha kuombea maji kila alipokumbuka kwamba nusu ya waliomkabili walikuwa wazee wa kwao. Akautaja ukoo kama desturi yetu ilivyo: Harun mwana wa fulani, akamwoa Grace, wakamzaa Lydia na wadogo zake mapacha, Lydia naye akaolewa, akawazaa wao. Kisha akaongeza, "Babu pia alimlea Anti Zilpa, mpwa wake. Alimleta huku, akampa mwanzo wa maisha." Watu wakapiga makofi. Lydia, aliyekuwa amekaa ubavuni mwangu, akaushika mkono wangu akaubana. Nikauchomoa, nikauweka juu ya mkoba wangu, na hapo ukakaa mpaka tulipoinuka.

Simlaumu kijana. Alisoma alichoambiwa, na waliomwambia ndio wanaojua ukweli. Nimefika umri ambao watu hudhani mtu ameshasamehe kila kitu, kana kwamba msamaha huota pamoja na mvi. Mvi ninazo tele. Nina magoti yanayolalamika ngazini na mwana mtu mzima anayenielewa nikimsemesha Kiswahili na kunijibu kwa Kiingereza. Msamaha sina. Niliporudi kutoka msibani nilivua viatu, nikakaa mezani na koti langu lenye maji, na hasira ikanijia mbichi kama ya jana. Kwa hiyo nitausimulia mwaka mmoja tu. Nilikozaliwa na nilivyolelewa havihusiki hapa, na waliozoea kuuliza binti wa nani wataniwia radhi.

Nilikuwa na miaka ishirini. Nilishuka kwenye ndege nimevaa koti la kuazima, na Mjomba Harun, binamu wa mama yangu, akanipokea kwa furaha ya kweli. Sisemi alikuwa mnafiki siku ile. Alinibebea sanduku, akaniambia, "Sasa umefika, mwanangu. Utasomea uuguzi kama Lydia." Nyumba yao ilikuwa Castle Vale, nyembamba, ya ngazi za kupanda ukijibana, yenye zulia la rangi ya chai ya maziwa na harufu ya vitunguu na nguo mbichi zilizotandazwa juu ya vyuma vya kupasha joto. Anti Grace, mkewe, alipakua wali na kuku. Tulipokuwa tunakula Mjomba akaniomba pasi yangu ya kusafiria, akaifungua, akaitazama picha, akasema nimependeza, kisha akaitia mfukoni. "Huku vitu hupotea," alisema. Nikamwambia asante. Nilishukuru kwa mambo mengi mwaka ule ambayo leo yananifanya nisage meno.

Chumba nilishirikiana na Lydia. Alikuwa amenizidi mwaka mmoja au miwili, amekuja Uingereza akiwa mtoto, na ndiyo kwanza ameanza kazi ya uuguzi. Kitanda chake kilikuwa dirishani; godoro langu lililala chini ya kitanda hicho mchana na kuvutwa jioni. Lydia alikuwa na roho nzuri kwa namna ya mtu ambaye hajawahi kunyimwa. Alinipa sweta zake, alinifundisha kutamka majina ya mitaa, alinicheka nilipoogopa mbwa, na mimi nilimsuka nywele tukipiga soga kuhusu wanaume wa kanisani. Nilimpenda. Naliandika neno hilo makusudi, kwa sababu hasira yangu kwa Mjomba ni hasira ya kawaida, lakini ile niliyo nayo kwa Lydia ina mizizi mirefu zaidi.

Viza yangu ilikuwa ya masomo. Chuo nilikiingia, nikapigwa picha ya kitambulisho, nikaketi darasani siku chache karibu na msichana wa Kigambia aliyenipa kalamu. Kisha Anti Grace akabadilishiwa zamu kwenye nyumba ya wazee alikokuwa akifanya kazi, na mapacha, ambao walikuwa hawajaanza shule, wakakosa mtu. "Pumzika muhula huu," Mjomba akaniambia. "Muhula ujao utarudi na nguvu." Nikapumzika kwa kuwaogesha mapacha, kuwalisha, kuwafulia, kupika, kudeki na kupiga pasi sare za watu watatu. Muhula uliofuata, Mjomba alisema ada imepanda. Uliofuata huo akasema tungoje harusi ya Lydia ipite.

Watu wakisikia habari kama hii husubiri kipigo, na wasipokiona huona nimetia chumvi. Sikupigwa. Sikulala njaa. Nilikula walichokula: ugali na ile kabichi changa iliyokaimu nafasi ya sukuma wiki, samaki wa Jumapili, chapati zangu mwenyewe. Ila nilikula baada yao, nimesimama, sahani ikiwa juu ya mashine ya kufulia, na hakuna aliyewahi kuniambia nifanye hivyo. Ilitokea tu. Viti vilikuwa vimejaa, nami nilikuwa naepua kitu jikoni, na siku zikapita mpaka kusimama kukawa mahali pangu. Hilo ndilo linalonikera zaidi nikikumbuka: hakuna hata mmoja wao anayeweza kutaja siku aliyoamua kunifanya mtumishi.

Jumamosi alasiri wanawake wa ushirika walikusanyika sebuleni. Kati ya jikoni na sebule kulikuwa na kidirisha cha kupitishia chakula, na mimi nilisikiliza mahubiri yote kupitia hapo, mikono ikiwa na unga. Jumamosi moja Anti Grace aliwaambia kila mmoja aeleze habari za mtu wa Maandiko aliyeitwa jina lake. Ruthi akazungumza, Esta akazungumza, Debora akazungumza mpaka chai ikapoa. Nilipopitisha sahani ya chapati, mama mmoja wa Kikongo kutoka Bukavu, Mama Chantal, akaninyooshea kidole kwa upole.

"Na huyu mutoto anatupikiaka kila siku, jina yake nani?"

"Zilpa," alisema Anti Grace.

Mmoja wao akasema, "Zilpa si yule mjakazi wa Lea? Basi jina limempata mwenyewe." Wakacheka. Hakikuwa kicheko cha chuki. Kilikuwa kicheko cha watu walioshiba. Mama Chantal peke yake hakucheka.

"Miye sioni kitu ya kucheka," alisema. "Ule mwanamuke alizaa makabila mbili ya Israeli."

"Ndiyo, alibarikiwa," Anti Grace alisema.

"Sijasema alibarikiwa, mama. Nimesema alizaa."

Mimi nilikuwa nimejua tu kwamba niliitwa jina la nyanya yangu, na kwamba limetoka katika Maandiko, nikadhani limetoka mahali pa heshima. Jumapili alasiri nikachukua Biblia ya Lydia nikamtafuta Zilpa. Hakunichosha. Yumo ndani ya mistari michache, amebanwa kati ya majina ya watu wengine. Labani alipomwoza Lea binti yake, alimpa Zilpa awe mjakazi wake, kama mtu anavyompa bibi harusi mtungi. Lea alipoacha kuzaa, akamtwaa Zilpa akampa Yakobo mumewe. Zilpa akazaa mtoto wa kiume, na Lea akasema ni bahati, akamwita Gadi. Zilpa akazaa wa pili, na Lea akasema ni heri yake, akamwita Asheri. Baadaye, ukoo wa Yakobo unapohesabiwa wakishuka Misri, Zilpa anatajwa tena: hawa ndio uzao wa Zilpa, ambaye Labani alimpa Lea. Amekwisha kuwa bibi wa wajukuu na vitukuu, na bado anatambulishwa kwa yule aliyemtoa na yule aliyempokea. Hatuambiwi alikufa wapi. Hatuambiwi alizikwa na nani. Na hakuna mahali, tangu mwanzo hadi mwisho, anapofungua mdomo.

Kilichonitia hasira hasa kilikuwa kisa cha Esau. Yakobo aliposikia ndugu yake anakuja na watu wake, akaogopa kuuawa, aliipanga familia yake: wajakazi wawili, Zilpa na yule wa Raheli mke wake wa pili, na watoto wao mbele kabisa, Lea na wanawe nyuma yao, na Raheli mwenyewe, mpenzi wake, mwisho, na mwanawe. Nilisoma hapo nikarudia. Nilimwona yule mwanamke amewashika wanawe mikono, akitembea kuelekea watu wenye silaha, akijua fika kwa nini amewekwa mbele. Nimesikia mahubiri mengi juu ya siku ile, ya jinsi ndugu wawili walivyokumbatiana na kulia. Sijapata kusikia mhubiri akisimama kwenye mstari wa mbele na kutazama nyuso zilizokuwepo. Na kurasa chache nyuma ya hapo, Rebeka, dada yake Labani huyohuyo, alipotakiwa aende kuolewa mbali, waliitana nyumbani wakasema, tumwite msichana tumuulize. Wakamuuliza. Akasema atakwenda. Kwa hiyo walijua kuuliza. Nyumba ileile, mdomo uleule. Walijua nani huulizwa na nani haulizwi.

Nilimwambia Lydia hayo yote jioni, nikimsuka. Alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwenye magoti yangu, akipaka kucha rangi.

"Labda alikuwa sawa tu," alisema. "Si kila mtu lazima aongee, Zilpa."

"Hata watoto wake hakuachiwa awape majina. Lea ndiye alisema huyu bahati, huyu heri. Bahati ya nani?"

Akapuliza kucha zake. "Hiyo ni sad, actually," alisema baadaye, na nadhani alimaanisha. Kisha akasema, "Unavuta sana hapo kwenye sikio."

Kuta za nyumba ile zilikuwa nyembamba. Kesho yake tukila, yaani wakila, Mjomba aliniita mlangoni pa jikoni. "Nasikia umekuwa mhubiri," alisema akitabasamu. Nikasema hapana, nilikuwa nasoma tu. Akalimega tonge lake polepole. "Zilpa alikula kwa Labani, akavikwa kwa Labani. Mtu akishalishwa, haulizwi kila jambo. Wewe ungekuwa wapi sasa hivi, kwa mfano?" Mapacha walikuwa wakigombea kijiko. Anti Grace alikuwa akitazama sahani yake. Nikasema, "Sijui, Mjomba," na ndivyo ilivyokuwa; sikujua. Lakini nilipogeuka kwenda kuosha sufuria niliisugua kama mtu anayetaka kuitoboa, na haikuwa kwa hofu.

Harusi ya Lydia iliharakishwa. Alikuwa ameshika mimba na kila mtu nyumbani alijua, ingawa neno lenyewe halikutajwa. Nguo ya harusi ilipelekwa kwa fundi ikaongezwa kiunoni na watu wakazungumzia hali ya hewa. Bwana harusi alikuwa mhasibu mpole aliyekaa Coventry. Kupitia kidirisha changu nilisikia wanawake wakimuuliza Anti Grace ni nani atakayemshika mtoto Lydia atakaporudi kazini. "Hilo limeshapangwa," alijibu. Nikadhani anasema habari zake mwenyewe. Nikafikiri moyoni kwamba Anti Grace akihamia Coventry kulea mjukuu, basi mapacha wataanza shule, nami nitarudi darasani kwa yule Mgambia. Nilikuwa naimba nikikuna nazi.

Sherehe ilikuwa Digbeth, katika ghala la zamani lililogeuzwa ukumbi, lenye kuta za matofali yasiyopakwa rangi na mihimili ya chuma iliyoning'inizwa taa ndogondogo. Pilau ilipikwa na Hodan. Huyu alikuwa Msomali aliyekulia Garissa, akapita Uholanzi kabla ya kufika Birmingham, na alikuwa na duka dogo la vyakula ambako nilimnunulia Anti Grace unga na nazi. Kila nilipoingia dukani aliniuliza swali lilelile, "Shule lini?" nami nilimjibu muhula ujao, naye akaendelea kupima unga. Siku hiyo alikuwa jikoni nyuma ya ukumbi, akitoa amri kwa wasichana wawili, na mimi nilikuwa napita na sinia za sambusa kati ya meza.

Ukafika wakati wa zawadi. Zikaja blanketi, seti za sufuria, oveni ya maikrowevu, picha kubwa ya simba. Kisha Mjomba Harun akasimama, akachukua kipaza sauti, akakohoa kidogo. Alikuwa amependeza, suti ya kijivu na tai ya zambarau. "Mimi na mama yake tumefikiri," alisema, "tumpe nini mtoto aliye na kila kitu? Tumeona tumpe mtu." Watu wakacheka, wakidhani ni utani. "Zilpa wetu atakwenda naye Coventry. Amewalea mapacha, mmeona wenyewe walivyo na afya. Sasa ni zamu ya wajukuu." Vigelegele vikapigwa. Mshereheshaji akauliza Zilpa yuko wapi, aje tumwone, na watu wa meza za karibu wakanisukuma kwa mikono ya furaha mpaka mbele. Bado nilikuwa nimeshika sinia. Mshereheshaji akafungua utepe mwekundu uliokuwa umefungwa kwenye sanduku la sufuria, akanivika shingoni, akaufunga fundo la kipepeo. Ukumbi mzima ukafurahi. Bwana harusi akainuka, akainamisha kichwa kwa heshima, akasema, "Asante sana, Baba."

Nilimtazama Lydia. Alikuwa ameketi jukwaani karibu kiasi kwamba ningeweza kumgusa, na hakuwa na uso wa mtu aliyeshtuka. Alikuwa akitazama glavu zake nyeupe, akizivuta vidole kimoja kimoja. Hapo ndipo nilipojua kwamba alijua. Mtu niliyemwambia, nimeshika nywele zake mkononi, kwamba yule mwanamke hakuulizwa. Mtu aliyesema ni sad. Alikuwa anajua, labda hata siku ileile.

Mshereheshaji akaniwekea kipaza sauti mdomoni. "Dada Zilpa, sema neno."

"Mimi sijaulizwa," nilisema.

Akakiondoa haraka, akacheka. "Anasema ameshukuru sana."

Nilikishika kile kipaza sauti kwa mkono usio na sinia, nikakivuta. "Sikusema hivyo. Nimesema sijaulizwa. Na siendi."

Nakumbuka mtoto fulani aliuliza kitu kwa Kiingereza akanyamazishwa. Mjomba aliinama kuelekea kwangu, bado akitabasamu kwa ajili ya watu, akasema kwa sauti ya chini, "Zilpa, usituaibishe."

"Mjomba, aibu hii si yangu."

Nikaiweka sinia ya sambusa juu ya meza ya maharusi, mbele ya keki, nikageuka nikatembea mpaka jikoni na utepe wao shingoni. Nyuma yangu muziki ukafunguliwa kwa sauti kubwa, kama wanavyofanya watu wanapotaka jambo lionekane halikutokea. Hodan alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. Akanitazama shingoni.

"Umewaambia nini? Wamenyamaza kama mna maiti huko ndani."

Nikamweleza. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akanigeuza mabega, akaufungua ule utepe, akautupa kwenye pipa la maganda ya vitunguu. "Mimi nimeitwa mkimbizi katika nchi tatu," alisema. "Hakuna hata moja walinifunga utepe. Nguo zako ziko wapi?"

"Castle Vale."

"Na pasi?"

"Anayo yeye."

"Sawa. Nisaidie kuosha hizi sufuria, halafu twende kwangu. Kesho tutaongea nao mchana, kama watu." Hakunikumbatia, na nilimshukuru kwa hilo. Kama angenikumbatia ningelia, na sikutaka kulia katika jengo lile.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumapili. Tulifika wakati nyumba imejaa watu waliotoka kanisani kuja kula viporo vya harusi. Lydia na mumewe walikuwa waondoke jioni. Hodan alivua viatu, akasalimia kila mtu, akaketi katikati ya kochi kana kwamba alikuwa amealikwa. Anti Grace akamkaribisha chai, kwa sababu mazoea ni mazoea.

"Chai yako naiheshimu," Hodan alisema, "lakini siinywi kabla sijaona pasi ya huyu."

"Wewe ni nani yake?" Mjomba aliuliza.

"Mimi si ndugu yake. Ndiyo sababu nimekuja."

Mjomba alizungumza kwa muda mrefu. Alisema nauli, alisema chakula, alisema kitanda, ingawa kitanda sikuwa nacho. Alisema huko nyumbani wangecheka wakisikia kwamba nimemkimbia mjomba wangu kwenda kwa mwenye duka asiye wa ukoo wala wa dini yetu. Alisema dunia ya sasa haina shukrani. Watu walitazama vikombe vyao. Baadhi yao leo ni wazee wenye heshima na walikuwepo kanisani mwezi uliopita, wakapiga makofi, na nataka wajue kwamba niliwaona mara zote mbili. Aliyezungumza alikuwa Mama Chantal, kutoka kiti cha pembeni karibu na jiko.

"Harun, mupe mutoto passeport yake. Hii yote unasema, ni ya nini?"

Mjomba hakusogea. Anti Grace ndiye aliyeinuka, akapanda ngazi, akakaa huko juu kitambo, akashuka na pasi yangu pamoja na mfuko wa plastiki wenye nguo zangu, zimekunjwa vizuri. Alinipa mkononi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Tulikupenda kama mtoto wetu, Zilpa."

"Mtoto wenu mlimuuliza anataka kuolewa na nani," nilimjibu.

Sikungoja jibu lake. Yaliyofuata yalikuwa magumu na nitayataja kwa ufupi: mwanasheria wa kusaidia wasio na uwezo, miezi ya kungoja kibali, sebule ya Hodan nilikolala kati ya magunia ya mchele, na kazi ya kusafisha mabehewa katika karakana ya treni Tyseley. Pale ndipo nilipojifunza ufundi, na pale ndipo ninapofanya kazi hadi leo nikiwa na watu chini yangu. Uuguzi sikuusomea tena. Huo ndio mwanzo wa maisha niliopewa, na walionipa hawakuwa wa ukoo wa Mjomba.

Lakini tulikuwa hatujafika hapo. Tulikuwa kwenye kituo cha basi, mimi na Hodan na mfuko wa plastiki, Lydia alipokuja mbio. Alikuwa amevaa ndara na sweta la nyumbani, nywele bado zimesimamishwa kwa vibanio vya harusi, na mkono mmoja umeshika tumbo. Hodan akasogea pembeni, akajifanya anasoma saa za mabasi.

"Nilidhani ungefurahi," Lydia alisema. "Tungekuwa pamoja. Kama hapa tu."

"Ulijua tangu lini?"

"Daddy aliniambia nilipomwambia nina mimba."

"Na siku nilipokuwa nakusuka?"

Alitazama barabarani kama basi lingeweza kumjibia. "Nilijua," alisema.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu ungekataa." Akaanza kulia, si kwa kelele, machozi tu. "Niliogopa kwenda peke yangu, Zilpa. Sijawahi kuishi mbali na nyumbani. Sijui kupika, sijui mtoto, simjui hata yule mwanaume vizuri. Niliogopa."

Coventry ni mwendo mfupi wa treni. Nilimtazama, na nilielewa kwamba anasema kweli kabisa, kwamba hapakuwa na ubaya mwingine wowote chini ya maneno yale. Alikuwa ameogopa, na baba yake akampa mtu wa kuondoa hofu, na yeye akapokea. Kuelewa hakukunipunguzia hasira hata chembe. Kuliipa mahali pa kukaa.

"Hata mimi niliogopa nilipokuja," nilimwambia. "Sikuomba nipewe mtu."

Basi likaja. Hodan akapanda kwanza, akanishikia nafasi. Lydia alibaki pale kituoni, ndara zake zikiwa katika dimbwi la maji, akinitazama dirishani kama mtu anayengoja kuambiwa kwamba halikuwa kosa lake. Sikumwambia. Hata mwezi uliopita kanisani, mkono wake ukiwa juu ya wangu, alikuwa bado anangoja, na bado sikumwambia.